Vijiji vya Majani Chai na Haki ya Kubaki

Ukishika barabara ya Nakuru kutoka Kericho mjini, majani chai yanaanza kabla mji wenyewe haujakwisha. Yanapanda kilima, yanashuka bonde, yamekatwa sawa kimo cha kiuno, na hapa na pale katikati yake zinachomoza safu za nyumba ndogo nyeupe, zimenyooka kana kwamba zilipangwa kwa kamba. Abiria wa matatu huzipita kama sehemu ya mandhari. Kazi yangu ni mipango ya makazi, na nikizitazama naona mitaa iliyofikiriwa kwa ukamilifu ambao mitaa mingi ya umma nchini Kenya haijaukaribia. Naona pia kosa moja kubwa lililojengwa ndani yake tangu mwanzo. Kosa hilo limeiva sasa, kuanzia Kericho hadi Konoin na Sotik kule Bomet.

Mitaa ya namna hii ina mawazo nyuma yake. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alieleza jinsi mtaa mzuri unavyopaswa kuwa: shule iwe katikati, mtoto aifikie kwa miguu bila kuvuka barabara kuu, maduka yakae pembezoni, viwanja vya kuchezea viwe ndani. Mwaka 1933 wasanifu wa kisasa wa Ulaya, katika mkutano wao uliofikia Athens, waliugawa mji katika mambo manne: kukaa, kufanya kazi, kupumzika na kusafiri. Mjerumani Ernst May, aliyejenga mitaa ya wafanyakazi Frankfurt, alihamia Afrika Mashariki mwaka 1934, akakaa karibu miaka 20, na ndiye aliyechora upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru. Mpango Mkuu wa Nairobi wa 1948 ulifuata wazo la Perry la kuugawa mji katika vitongoji vinavyojitosheleza. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mto Sava kutoka Belgrade ya zamani, vijana wa kujitolea wa Yugoslavia walianza kujaza kinamasi ili ujengwe mji mpya wa magorofa, Novi Beograd.

Vijiji vya majani chai havikuchorwa na mabingwa hao, lakini ingia katika kimoja uone. Nyumba zimejipanga kufuata mteremko ili maji ya mvua yashuke mtaroni yasiingie mlangoni, jambo lisilo dogo katika nchi inayonyeshewa karibu mwaka mzima na kupigwa na mvua ya mawe. Mfereji wa maji uko karibu, vyoo viko nyuma ya safu. Kuna chekechea ambako mama anamwacha mtoto alfajiri akienda kuchuma, kuna shule ya msingi, zahanati, uwanja wa mpira, ukumbi, duka. Kiwanda kiko karibu kwa sababu jani likishachumwa halingoji: lisipofika upesi linaungua ndani ya gunia. Nyuma ya kiwanda kuna msitu wa mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia chai. Mtu anazaliwa, anasoma, anafanya kazi, anacheza mpira na kuugulia katika eneo analoweza kulizunguka kwa miguu. Yale mambo manne ya Athens yote yapo.

Na ngazi za watu zipo pia, zimeandikwa kwa matofali. Nyumba ya mchumaji ni chumba kimoja au viwili, na jikoni ni pembe tu. Ya supavaiza ina chumba cha ziada na kipande cha bustani. Ya meneja iko mbali, mwisho wa njia yenye miti pande zote mbili, na mbele yake kuna nyasi zinazofyekwa na mtu anayekaa kwenye chumba kimoja. Mpangaji wa makazi akipewa ramani ya shamba bila jina lolote juu yake ataweza kusema nani anamwamuru nani.

Ili kulielewa kosa, lazima turudi kwenye ardhi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikawa ya kampuni mbili, Brooke Bond na James Finlay, ambayo huku ilijulikana kama African Highlands. Wakipsigis walisukumwa kwenye hifadhi iliyotengwa kwa ajili yao. Ukoo wa Talai, viongozi wao wa kiroho, ulifukuzwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria. Ardhi ikiwa imechukuliwa hivyo, kampuni zilihitaji mikono, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilitoka mbali: Kisii, Nyanza, nchi ya Waluhya. Vijiji vilianza kama mahali pa kuwalaza wanaume wasio na wake, kwa mkataba mfupi, ndani ya vibanda, kisha warudi kwao.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili. Migomo ya mijini na vita vya Mau Mau viliitia serikali hofu, na mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba mfanyakazi Mwafrika alipwe mshahara wa kutosha familia, si wa mtu mmoja aliyeacha mke na watoto kijijini. Fikra ilikuwa kwamba mfanyakazi anayekaa na mkewe na watoto hatahamahama, atajua kazi, na hatageuka mwasi. Nyumba za kudumu, shule na zahanati vilizidi kujengwa katika mashamba ya chai kwa mantiki hiyo. Sitaki kuidharau. Watoto wengi wamesoma katika shule zile, na wanawake wengi wamejifungua salama katika hospitali za kampuni wakati hospitali za serikali zilikuwa mbali au hazina dawa. Waliojenga walijenga vizuri, na ndiyo maana kuta zao bado zimesimama.

Lakini waliamua jambo moja ambalo halionekani kwenye ramani: nyumba itakuwa sehemu ya ujira. Sheria ya leo inaendeleza hilo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au posho ya kulipia kodi. Kwa kijana wa Nairobi anayelipwa posho, kazi ikiisha anabaki na chumba chake mpaka atakaposhindwa kulipa. Kwa mchumaji wa Kericho kazi na nyumba ni kitu kimoja. Anapostaafu, anapoachishwa kazi, anapoumia mgongo asiweze tena kubeba kikapu, anapoteza mshahara na kitanda kwa barua moja. Mtoto wake anapoteza shule aliyoifikia kwa miguu. Mjane wa mfanyakazi anafungasha akiwa bado kwenye matanga.

Ndiyo maana madaraka ya supavaiza katika vijiji hivi ni mazito kuliko ya msimamizi wa kazi ya kawaida. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi uliofanywa katika mashamba ambayo yaliendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Watu wengi waliuliza kwa nini wanawake hao hawakuondoka. Mimi nadhani mpangaji wa makazi ana sehemu ya jibu. Mwanamke anayemkataa msimamizi mjini anahatarisha kazi. Mwanamke wa kijiji cha chai anahatarisha kazi, paa, maji, zahanati na shule ya watoto, vyote mkononi mwa mtu mmoja au wawili. Mpango uliokusanya mahitaji yote ya maisha mahali pamoja ulikusanya pia funguo zote.

Sasa, kwa kulinganisha, tuitazame Novi Beograd. Magorofa yale yaligawiwa kupitia mashirika na viwanda: mfanyakazi wa kiwanda fulani aliandikwa kwenye orodha ya kiwanda chake, akangoja zamu, akapewa nyumba. Hadi hapo anafanana na mchumaji wa Kericho. Tofauti ni kwamba nyumba ilikuwa mali ya jamii nzima, na aliyepewa alipata haki ya kukaa iliyokingwa na sheria. Haki hiyo haikufa siku alipostaafu, na mke au mtoto aliyeishi naye aliweza kuirithi. Yugoslavia ilipovunjika, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi waliruhusiwa kuzinunua nyumba zao kwa bei ya chini sana. Nchi ilikuwa vitani, fedha imekufa kwa mfumuko wa bei, viwanda vinafungwa, lakini watu wengi walibaki na mlango wao wenyewe. Utaratibu ule ulikuwa na dhuluma zake: waliokuwa kwenye orodha bila kupata nyumba hawakupata kitu, na leo zege linachakaa bila mtu wa kuwajibikia lifti na paa. Hata hivyo kiwanda kilipokufa, mtaa haukufa nacho.

Mfano wa pili unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1888 William Lever, mtengeneza sabuni, alianza kujenga kijiji cha wafanyakazi wake karibu na Liverpool akakiita Port Sunlight. Kilikuwa na bustani, shule, ukumbi, na nyumba ambazo mfanyakazi alikaa kwa sababu ni mfanyakazi. Mapungufu yake yalikuwa yaleyale ya Kericho: ukipoteza kazi umepoteza nyumba. Kampuni ya Lever ndiyo iliyokuja kuwa Unilever, na mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond, pamoja na vijiji vyake vyote vya Kericho. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, nyumba za Port Sunlight zilianza kuuzwa kwa watu binafsi, na wakazi wakaweza kumiliki. Kampuni moja, muongo mmoja, vijiji vya aina moja. Uingereza mlango ulifunguliwa. Kericho wazo hilo halikupata nafasi, na sidhani ni kwa sababu mchumaji anahitaji nyumba kidogo kuliko mchemsha sabuni.

Nimetaja ardhi ya Wakipsigis makusudi, kwa kuwa hapo ndipo suala linapokuwa gumu na ndipo wengi wanaolizungumzia wanapolikimbia. Nyumba za wafanyakazi zimesimama juu ya ardhi ambayo wenyeji wanasema waliporwa, na wana haki ya kusema hivyo. Mkipsigis wa Konoin anayetazama kijiji cha chai anaona wageni waliopewa makazi na mkoloni kwenye malisho ya babu yake. Mkisii aliyezaliwa humo anaona mahali pekee alipowahi kuishi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mgongano huo ulimwaga damu. Wavamizi waliingia katika vijiji vya shamba la Unilever Kericho, wakawashambulia wakazi wa makabila mengine, wakachoma na kupora. Wakazi 218 walifungua kesi Uingereza wakisema kampuni ilijua hatari na haikuwalinda. Katika madai yao walitaja watu saba waliouawa. Mahakama ya Rufaa ya London iliikataa kesi hiyo mwaka 2018 kwa hoja kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu huo.

Ninachokiona katika msiba ule, kwa jicho la fani yangu, ni kwamba vijiji viliwaweka watu mahali bila kuwafanya wa mahali. Mkazi hakuwa na hati, hakuwa na mkataba wa upangaji, hakuwa na jirani wa nje ya shamba aliyemjua kama mwenye mji. Kijiji kilizungukwa na bahari ya majani chai inayomilikiwa na kampuni, na ng'ambo ya bahari hiyo waliishi wenyeji waliofungiwa nje. Wapangaji wa kisasa wa kila nchi walipenda mitaa inayojitosheleza, iliyotenganishwa na vurugu za mji. Huku utengano huo ulifanywa juu ya jeraha la ardhi.

Halafu zikaja mashine za kuchuma chai. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba walio katika chama chao cha KPAWU waligoma kuzipinga. Haukupita muda mrefu zikawa jambo la kawaida: mashine moja mikononi mwa watu wachache inafanya kazi ya kundi kubwa la wachumaji. Mwaka 2023 mmoja wa wajumbe wa kikosi kazi kilichoundwa na Kaunti ya Kericho alisema kaunti hiyo pekee ilipoteza kazi 30,000 hivi katika muongo mmoja, na kikosi hicho kilipendekeza mashine zisizidi asilimia 60 ya uchumaji. Mei mwaka huo waandamanaji walizichoma mashine shambani.

Magazeti yaliandika habari ya kazi, na ilistahili. Habari ya nyumba haikuandikwa sana. Kazi 30,000 zikipotea mahali ambapo kazi ni nyumba, zimepotea pia nyumba za familia nyingi mno. Wanakwenda wapi? Wengine wanarudi Kisii kwenye vishamba vilivyogawanywa mpaka havigawanyiki tena. Wengine wanapanga vyumba vya mabati katika masoko ya pembezoni mwa mashamba, Brooke, Kapsoit, Mogogosiek, ambako hakuna mtaro wala mfereji wala uwanja wa mpira. Wanatoka katika mtaa uliopangwa na kuingia katika mtaa ambao hakuna aliyeupanga, umbali wa kilomita chache, huku nyuma yao nyumba nzima nyeupe zimefungwa kwa kufuli au zimebomolewa ili chai ipandwe.

Mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha mikono kwa kasi. Novemba 2021 Unilever ilikubali kuuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa euro bilioni 4.5. Mwaka 2023 Finlays iliyauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka, na ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa zingetolewa kwa wenyeji kuzinunua kupitia ushirika. Mwaka 2024 Lipton, jina jipya la biashara ile iliyouzwa kwa CVC, nayo ikatangaza kuyauza mashamba yake kwa Browns hiyohiyo. Katika mijadala ya hadharani juu ya mauzo hayo nimesikia habari za hisa, ardhi, kodi na mashine. Wakazi wa vijijini wametajwa kama idadi ya wafanyakazi. Hawajatajwa kama wakazi.

Mnunuzi anatoka nchi inayoujua mgogoro huu vizuri. Katika vilima vya chai vya Sri Lanka, Watamil ambao wahenga wao walianza kuletwa kutoka India miaka 200 iliyopita bado wengi wanakaa katika vyumba vya safu vya mashamba bila hati. Huko, baada ya mapambano marefu ya vyama vyao, serikali ilikubali kutoa viwanja vya pachi 7, yaani kama mita za mraba 177, kwa familia za mashamba, na India imegharamia ujenzi wa maelfu ya nyumba zenye hati juu ya viwanja hivyo. Kasi ni ndogo na malalamiko ni mengi. Lakini kanuni imekubaliwa: anayekaa shambani vizazi vitatu anaweza kuwa na kiwanja ndani ya eneo hilo, na chai ikaendelea kuchumwa.

Kenya pia tunayo misingi. Muthurwa ya Nairobi, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ilikuwa kijiji cha chai cha mjini. Wadhamini wa mfuko wa pensheni wa reli walipotaka kuwaondoa wakazi mwaka 2010 na kuanza kubomoa, wakazi walikwenda mahakamani. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki yao ya makazi bora chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba ilikiukwa. Hukumu hiyo haikuwapa nyumba, ila ilisema waziwazi kwamba aliyekaa katika nyumba ya mwajiri hawezi kuondolewa kama fanicha. Tena kuna Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa wamejenga bila hati juu ya ardhi ya shirika la reli, ya shamba la mkonge na ya serikali, walichagua utaratibu ambao hapa nchini haukuwa umejaribiwa: ardhi ishikwe na jamii nzima kwa pamoja na isiuzwe, kila familia imiliki nyumba iliyo juu yake.

Nauona utaratibu wa Voi kuwa wenye nafasi kubwa zaidi Kericho na Bomet, kwa sababu unatenganisha vitu viwili ambavyo mabishano yetu huvichanganya. Ardhi chini ya kijiji inaweza kurudishwa kwa mdhamini anayewakilisha wenyeji, na madai ya Wakipsigis na Watalai yakapata jibu halisi, angalau katika sehemu hiyo. Nyumba iliyo juu yake inaweza kuwa ya mkazi kwa hati ya miaka mingi, aweze kuirithisha lakini asiweze kuikodisha kwa tajiri wa mjini, akilipa kodi ndogo ya ardhi kwa mdhamini huyo. Mkisii anakuwa na mkataba na Mkipsigis badala ya kuwa na mkataba na kampuni iliyoko Colombo au London. Najua itachukua majadiliano ya miaka, na baadhi ya wazee watakataa. Nasema tu kwamba njia nyingine zote nilizozisikia zinampa mmoja kwa kumnyang'anya mwingine.

Wanaouliza fedha zitatoka wapi waangalie hati ya mshahara ya mchumaji. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wake inakatwa kila mwezi, na mwajiri anaongeza kiasi kilekile. Mtu anayekaa katika nyumba asiyoweza kuimiliki kamwe anachangia kujenga magorofa ya mjini ambayo hataweza kuyalipia. Mfuko wa makato hayo ungeweza kuanza na vijiji vilivyo karibu na Kericho mjini na vituo vya Konoin, ambako nyumba tayari zipo, shule ipo, mtaro upo, na barabara ya kaunti inapita. Gharama ni ya kukarabati, kuongeza vyumba, kuweka choo ndani na kuandika hati. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina mamlaka ya mipango ya ardhi, na zinaweza kukataa kuidhinisha matumizi mapya ya eneo la kijiji kinachotakiwa kubomolewa mpaka orodha ya wakazi na miaka waliyokaa iwekwe mezani. Orodha hizo zipo katika ofisi za mashamba, kwa jina la mfanyakazi na namba ya nyumba, na kazi ya kuzidai inaweza kuanza kabla mashamba hayajabadilisha mikono tena.